Oili ipi kwa kompresa ya AC ya gari la zamani? Anza na gesi

Ukifika duka la vipuri, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, ukasema "naomba oili ya AC", mara nyingi utapewa kopo la PAG 46, oili ya kisasa ya AC, bila kuulizwa swali lolote. Muuzaji hana kosa. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa baada ya kutumika Japani yana kompresa zinazotumia oili ya uzito huo, kwa hiyo ndiyo inayotoka kila siku. Shida huanza kopo hilo linapomiminwa kwenye Mercedes-Benz 300D ya 1982 au Peugeot 504, magari yaliyotoka kiwandani na gesi nyingine ya kupozea, oili nyingine na mipira ya aina nyingine. AC inaweza kupuliza baridi vizuri tu kwa muda. Kisha kompresa inaanza kunguruma, klachi inanuka kuungua, na jibu la gereji ni kwamba imekufa kwa uzee.

Mara nyingi uzee unasingiziwa. Kompresa imekosa oili huku oili ikiwa imo ndani ya mfumo, na ili kuelewa hilo lazima ujue oili hiyo inavyosafiri.

Kwenye injini, oili hukaa kwenye sampu, yaani bakuli lililo chini, pampu huisukuma hadi kwenye vyuma, kisha inadondoka na kurudi palepale. AC ina utaratibu wake. Kompresa nyingi za magari hazina sampu ya maana. Oili hutoka pamoja na gesi, hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, kwenye draya inayonyonya unyevu, kwenye valvu ya upanuzi inayoshusha presha, kwenye evaporeta iliyofichwa ndani ya dashibodi, na hatimaye hurudi kompresa kwa hosi nene ya upande wa kuvuta. Gesi ndiyo inayoibeba safari yote hiyo. Oili isiyochanganyika na gesi itatoka kompresa na kubaki njiani, hasa kwenye evaporeta, mahali penye baridi kali ambapo oili huwa nzito na kutuama. Dashibodi inapuliza baridi, dereva anafurahi, na wakati huohuo pistoni zinasuguana zikiwa kavu.

Kwa hiyo swali la kwanza linahusu gesi: ni gesi gani itakayokaa kwenye mfumo huu? Aina ya gari na bei ya kopo ni mambo ya baadaye.

Magari ya kabla ya miaka ya 1990 yalijazwa R-12, gesi iliyotengenezwa na watafiti wa General Motors, akiwemo Thomas Midgley, mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilikuwa gesi nzuri kwa fundi: haiwaki, haina sumu kali, na huchanganyika vizuri na oili ya madini, ile inayosafishwa kutoka mafuta ghafi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini iliyo ndani ya gesi za aina hiyo ikifika juu angani huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Nchi zilizoendelea zikaacha kuzalisha gesi hizo kufikia 1996, na nchi zinazoendelea, zikiwemo zetu, zikapewa hadi 2010. Badala yake ikaja R-134a, isiyo na klorini kabisa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 karibu magari yote mapya yalikuwa yakitumia hiyo.

Klorini ile iliyokuwa adui wa ozoni ilikuwa rafiki wa kompresa, kwa sababu nayo ilisaidia kulainisha vyuma. Ilipoondolewa, mzigo wote ukaangukia oili. Na oili ya madini haikubaliani na R-134a hata kidogo. Ukiviweka pamoja hukaa kama mafuta ya kupikia na maji kwenye sufuria moja: kila kimoja upande wake. Hapo ndipo kifo cha kompresa nyingi za magari ya zamani kilipoanzia. Fundi alitoa R-12, akajaza R-134a, oili hakuigusa.

Oili za AC utakazokutana nazo kwa gari la zamani ni za aina tatu. Ya kwanza ni hiyo ya madini, na mahali pake ni kwenye mfumo ambao bado una R-12. Kama gari lako lina R-12 yake, halivuji na linapoza, liache hivyohivyo. Usiruhusu mtu aifungulie gesi hiyo hewani kwa sababu tu amezoea gesi mpya. Inaharibu ozoni, na ni hasara ya kitu ambacho hutakipata tena kirahisi.

Ya pili ni PAG, oili ya kutengenezwa kiwandani iliyobuniwa kwenda na R-134a. Inalainisha vizuri sana, na magari mengi ya R-134a yalitoka nayo kiwandani. Lakini ina tabia tatu ambazo mwenye gari la zamani hana budi kuzijua: haichanganyiki na oili ya madini iliyobaki kwenye mabomba, mabaki ya klorini kutoka R-12 yanaweza kuivunjavunja, na hunyonya maji ya hewani kwa kasi. Pia inaweza kuharibu rangi ya gari, kwa hiyo tone likianguka kwenye bodi, lifute papo hapo.

Ya tatu ni POE, ambayo mafundi wengi huiita esta. Hii huchanganyika na R-134a, huchanganyika na R-12, na huyavumilia mabaki ya oili ya madini. Ndiyo sababu iliingia sana kwenye kazi ya kubadilisha magari ya R-12 kwenda R-134a. Udhaifu wake ni maji. PAG ikinyonya maji huyashikilia tu, lakini esta ikikaa na maji kwenye joto humenyuka nayo, na matokeo yake ni asidi inayokula metali kutoka ndani.

Je, PAG au esta? Watengenezaji wenyewe hawakukubaliana. Baadhi ya viwanda viliruhusu PAG hata kwenye magari yaliyobadilishwa kutoka R-12, na wauzaji wengi wa vipuri wakasisitiza esta. Msimamo wangu ni huu: kama kompresa ya zamani inabaki, na huna hakika kwamba mabomba yamesafishwa mpaka oili ya madini ikaisha, weka esta. Kama umeweka kompresa mpya, umebadilisha draya, umesafisha kondensa na evaporeta kwa dawa ya kuoshea na kuzikausha kwa naitrojeni, basi fuata PAG ileile aliyoandika mtengenezaji wa kompresa. Kitu nisichokubali ni kumimina PAG juu ya mfumo uliojaa oili ya madini kwa matumaini kwamba vitapatana humo ndani.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo

Aina ya oili ikishaamuliwa, linabaki suala la mnato, yaani uzito wa oili, na hapa watu wengi hupotea. Namba 46, 100 au 150 ni kipimo cha mnato kwa sentistoki, oili ikiwa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Vitabu vya zamani vya magari ya Marekani havitumii namba hizo. Utakuta vimeandika "525", na mtu anaweza kudhani ni oili nzito kupita kiasi ambayo haiuzwi tena. Ile 525 ni sekunde: muda ambao mililita 60 za oili hutumia kupita kwenye tundu dogo la kipimo cha Saybolt. Ukiigeuza kwa kipimo cha leo, kinachoitwa ISO, unapata karibu na ISO 100, au nzito kidogo kuliko hapo. Hivyo PAG 46 kwenye kompresa iliyosanifiwa kwa oili ya 525 ni nyepesi kwa zaidi ya nusu, na gesi ikishayeyuka ndani yake inazidi kuwa nyepesi. Fito na beringi hazipati utando wa kutosha, na sili ya mbele huanza kuvuja mapema.

Ndiyo maana fungua boneti uitazame kompresa yenyewe kabla ya kununua chochote. Gari la miaka 40 limepita mikono mingi, na kilichoandikwa kwenye kitabu huenda kiling'olewa zamani.

Ukikuta silinda ndefu ya chuma, nzito ya karibu kilo 16, hiyo ni A6 ya General Motors, iliyoanza mwaka 1962. Haiko kwenye magari ya Marekani pekee. Rolls-Royce Silver Shadow na Jaguar XJ6 pia ziliitumia. A6 ina sampu na pampu yake ndogo ya oili, na mfumo wake huchukua karibu mililita 300. Ndugu yake mdogo ni R4, fupi na pana, yenye pistoni nne zilizopangwa kuzunguka shafti. Hii ndiyo iliyomo kwenye Mercedes nyingi za W123, zile za 1976 hadi 1985 ambazo bado zinafanya kazi mjini Nairobi, Zanzibar na Lubumbashi. R4 haina sampu. Maisha yake yote yanategemea oili inayorudi na gesi, kwa hiyo ndiyo inayoadhibiwa zaidi na oili isiyofaa. Kwa A6 na R4, oili ya asili ni ya madini ya 525. Ukihamia R-134a, majedwali ya watengenezaji huandika PAG 150, na wanaochagua esta huchukua ISO 100.

Kompresa yenye umbo la boksi, iliyosimama wima na silinda mbili, huenda ni York. Hii ina sampu halisi, na oili yake hupimwa kama ya injini: kuna plagi ubavuni, unaifungua gesi ikiwa imeshatolewa, unaingiza waya uliokunjwa, unasoma kimo. Kwa sababu hubakiza oili yake nyingi nyumbani, York huvumilia makosa ambayo yangeiua R4. Uvumilivu huo usikuleweshe: mwage oili yote ya zamani, maana kwenye sampu ndimo mabaki mengi ya madini yalimo, kisha weka esta.

Sanden hujitambulisha kwa herufi SD kwenye kibao chake. Zile za kabla ya 1982 zimeandikwa Sankyo, jina la zamani la kampuni hiyohiyo. Familia ya SD5, yenye pistoni tano, kwa R-134a hutumia oili waliyoiita SP-20, ambayo ni PAG ya uzito wa 100. Kuna SP-10 pia, ya uzito wa 46, kwa ajili ya kompresa zao nyingine kama SD7V. Jina la kiwanda ni moja, oili ni mbili, na kosa la kuzibadilishana hutokea kila mahali.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 60 na Toyota nyingine za miaka hiyo, tafuta kibao cha Nippondenso. Kikisema ND-OIL 6, hiyo ni ya madini kwa R-12. Kikisema ND-OIL 8, ni PAG ya uzito wa 46 kwa R-134a. Hapa kopo la PAG 46 la duka la mtaani linaweza kuwa sahihi kabisa, ila uhakikishe kwanza kwamba kompresa iliyofungwa ni ya R-134a.

Soma oili ya zamani kabla ya kuweka mpya

Kompresa ikishashushwa, igeuze na umwagie oili yake kwenye glasi inayoonyesha, yenye alama za mililita. Zungusha shafti kwa mkono ili iliyojificha itoke pia. Oili safi au ya manjano hafifu ni habari njema. Ikimeremeta vumbi la fedha dhidi ya mwanga, kuna chuma kinasagika, na vumbi hilo limeshasambaa mpaka kondensa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake mfumo ulifanya kazi ukiwa na joto kali au ukavu, na hapo kubadilisha kompresa peke yake ni kuiua mpya. Nyeupe kama maziwa ina maji.

Andika kiasi kilichotoka. Ukifunga kompresa nyingine bila kuosha mfumo, unarudisha kiasi hichohicho, ukiongeza kidogo kwa kila kifaa kipya: karibu mililita 30 kwa kondensa, kati ya 30 na 60 kwa evaporeta, 15 hadi 30 kwa draya. Ukiwa umeosha kila kitu, unaweka kiasi kamili cha mfumo kilichotajwa na mtengenezaji. Kompresa mpya nazo huja na oili ndani, wakati mwingine ya kusafirishia tu, na zilizokarabatiwa zinaweza kuja tupu. Mwage, upime, uweke unayoijua. Kuzidisha "kwa usalama" ni hatari vilevile. Oili nyingi hupaka kuta za kondensa na evaporeta, baridi inapungua, presha ya juu inapanda, na oili ikiingia silinda kwa wingi inaweza kuvunja valvu, maana kimiminika hakibanwi.

Sasa unyevu. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Muscat: hewa ya pwani imejaa maji, na PAG au esta iliyoachwa wazi inaanza kuyanywa mara moja. Nunua kopo dogo la bati, lifungue mara moja tu, wakati kila kitu kingine kiko tayari, na kinachobaki usikitunze kwa ajili ya gari la mwezi ujao. Chupa ya plastiki iliyokaa rafuni miaka mitatu siiamini hata ikiwa na lakiri, kwa kuwa unyevu hupenya plastiki polepole. Draya nayo hufunguliwa vizibo vyake mwisho kabisa. Na lazima iwe mpya: chembe za kunyonya unyevu za XH-5 zilizotumika na R-12 haziwezi kuhimili R-134a na oili zake. Unataka XH-7 au XH-9.

Baada ya hapo ni kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote ndani ya mfumo kwa pampu, na mafundi wa Nairobi hapa wana tatizo ambalo wa pwani hawana. Kitabu kinasema vuta mpaka geji isome inchi 29 za zebaki. Pwani, mgandamizo wa hewa ni karibu inchi 30, kwa hiyo sindano inafika. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yote iliyopo ni kama inchi 24 tu. Sindano itasimama hapo hata pampu ikiwa nzuri kuliko zote. Fundi anayengojea 29 ataihukumu pampu yake bure. Na anayeridhika na 22 hajui kwamba maji hayajachemka: kwenye nyuzi 25, maji huchemka mgandamizo ukishuka chini ya milibari 32 hivi, na inchi 22 za Nairobi bado zinaacha mara mbili ya hapo. Dawa ni geji ya maikroni, inayopima kilichobaki ndani badala ya tofauti na hewa ya nje. Ishushe hadi maikroni 500, funga valvu, uangalie kama inatulia. Hata hivyo vakyumu huondoa maji yaliyo kwenye mabomba. Yaliyokwisha kunywewa na oili ni magumu mno kutoka. Ndiyo sababu ya kulilinda kopo tangu mwanzo.

Lipo jambo moja ninaloliona likienea nami linanitia hofu. Kuna gesi zinazouzwa kwa ahadi kwamba zinaingia badala ya R-12 bila kubadilisha oili. Nyingi ni mchanganyiko wa propani na isobutani, jamaa wa gesi ya kupikia. Ahadi kuhusu oili ni ya kweli: gesi hizo huchanganyika na oili ya madini bila shida, na hupoza vizuri. Lakini zinawaka. Evaporeta ya gari la zamani iko ndani, mbele ya miguu ya abiria, karibu na swichi na feni zinazotoa cheche, na mabomba yake yana miaka 40. Mfumo haukusanifiwa kwa gesi inayowaka, na urahisi wa kutogusa oili hauna thamani hiyo. R-22 ya viyoyozi vya nyumbani nayo usiikubali. Presha yake ni kubwa mno kwa hosi na kompresa za magari haya.

R-134a yenyewe haitakuwa rahisi milele. Ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 1,430 ya hewa ukaa, na Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilipangiwa kusitisha ongezeko mwaka 2024 na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Mfumo usiovuja ni akiba. Kwa hiyo ukibadilisha oili badilisha na oringi zote kwa mpira wa HNBR, na hosi ngumu zilizopasuka kwa zile zenye utando wa nailoni ndani. Jaza R-134a kama asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R-12 iliyoandikwa, kwa mizani.

Kabla ya kufunga boneti, funga viunganishi vya R-134a juu ya vile vya zamani ili mtu asichomeke mpira wa gesi nyingine, kisha bandika kibao karibu na kompresa: gesi gani na gramu ngapi, oili gani, mnato gani, mililita ngapi, tarehe. Tumia kalamu isiyofutika na ufunike kwa plastiki, kwa sababu joto la injini hufuta wino wa kawaida ndani ya miezi michache.